Korongo wa Melania, Kutoka Kibirizi Hadi Ujiji

Melania Ndayikunda aliingia Gungu, mtaani kwetu hapa Kigoma, na ndoo ya udongo mweupe kichwani. Ilikuwa mwaka 1998, wiki ileile ya harusi yake, na sisi majirani tulikuwa tumesimama kwenye uzio kutazama bibi harusi wa fundi Bariki anavyoshusha vyombo. Tulitegemea masufuria, godoro, labda cherehani. Gari likashusha mkeka na begi la nguo, basi; kilichobaki ni ndoo ile ya kichwani. Bi Agnesi, mama yake Bariki, alichungulia ndani ya ndoo, kisha akatugeukia kana kwamba ni sisi tulioileta.

"Mwanangu kaoa mkimbizi, nimenyamaza," akasema. "Sasa mkimbizi kaja na matope. Kwani Gungu hatuna matope?"

Tulicheka. Melania hakucheka wala hakununa. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo, mama," kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao Burundi, kisha akaiweka ndoo kivulini na kuifunika kwa kanga yenye maji ili udongo usikauke. Mimi nilikuwa jirani wa karibu kuliko wote, jiko langu na lao yanatazamana, ndiyo maana haya yote nayajua.

Alizaliwa kwenye vilima vilivyo juu ya Nyanza-Lac, mahali ambapo anga likiwa safi unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Mama yake, Inamahoro, alikuwa na mkono uliosifika kijiji kizima. Kila kiangazi mavuno yakiisha wanawake walisiriba nyumba zao upya, na ukuta ukiwa bado mbichi walimwita Inamahoro aje aupambe. Alichora kwa vidole. Alichora mawimbi, alichora misuko ya vikapu, na juu ya mlango alimweka korongo mwenye kishungi, ndege ambaye Warundi humwita umusambi. Korongo wa Inamahoro alisimama kwa mguu mmoja, shingo kaigeuza nyuma kama mtu aliyesikia anaitwa. Wengine walijaribu kumchora hivyo, shingo ikawa inavunjika. Melania na dada yake mkubwa, Ndayikeza, walipewa ukuta wa banda la mbuzi wajifunzie.

Oktoba ya mwaka 1993 vurugu zilipofika kwenye kilima chao, mama na Ndayikeza walikuwa sokoni. Baba alimshika Melania mkono, wakakimbia na majirani kwa miguu mpaka wakavuka mpaka na kuingia Tanzania. Walidhani wenzao watawafuata. Katika kambi waliyopelekwa, upande wa Kasulu, baba alikwenda kuyapokea makundi mapya kila yalipoingia, akiuliza habari za mke wake na binti yake. Aliuliza mpaka watu wakaifahamu sauti yake kabla hawajamwona. Kisha akaugua kifua, akafariki, na Melania akabaki na umri wa miaka kumi na tisa na nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa turubai.

Matanga yalipoisha alishuka mtoni kuchota maji, akaona ukingo wenye udongo mweupe.

"Sikuwaza habari za kuchora," aliniambia baadaye. "Niliwaza tu kwamba nyumba ya baba haijapambwa, na yeye alikuwa amezoea nyumba iliyopambwa."

Akasaga mkaa kupata weusi, akatafuta udongo mwekundu, akasiriba ukuta na kuuchora. Korongo akatokea juu ya mlango. Wanawake wa mtaa ule wa kambi walisimama na ndoo zao wakatazama, na mmoja akaanza kulia, maana alikuwa hajaona ukuta wa namna ile tangu atoke kwao. Kabla ya Krismasi Melania alikuwa anaitwa huku na huku. Watu waliokuwa wanakula mahindi ya mgao walitaka kuta zao zipambwe. Bwana harusi asiye na kitu alimwomba amchoree mlango, ili bibi harusi asiingie kwenye nyumba tupu.

Huko ndiko Bariki alikomwona. Yeye ni Muha wa hapahapa, fundi wa kuunda boti pale ufukweni Kibirizi, na alikuwa anafuata mbao Kasulu. Siku moja akapita kambini, akaona nyumba ina ndege mlangoni, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza kunywa akaomba tena. Melania alimtazama akasema, "Kaka, wewe huna kiu." Ndivyo walivyoanza. Ruhusa, barua za kanisani na safari za kwenda na kurudi vilichukua muda mrefu, lakini Bariki ni mtu wa mbao, anajua kungoja kitu kikauke.

Sasa turudi Gungu. Melania alimwomba mama mkwe ukuta mmoja tu.

"Chukua wa jikoni," Bi Agnesi akasema. "Kule nyuma hakuna atakayekuona."

Akauchukua wa jikoni. Udongo wa ile ndoo ulitosha mawimbi mawili na korongo mmoja. Mimi nilikuwa wa kwanza kuuona kwa sababu ya jiko langu, nikamwita dada yangu, dada yangu akawaita wanakwaya wenzake. Baada ya muda nikagundua kitu: Bi Agnesi alikuwa ameanza kuwapitisha wageni wake uani. Mtu amekuja kusalimia, badala ya kukaribishwa sebuleni anaambiwa, "Pita huku nyuma kuna upepo." Upepo wenyewe haukuwepo. Mwisho akamwita mkwe wake mbele yangu.

"Mbona mbele umepaacha wazi? Watu watasema nina mkwe mvivu."

Melania akaenda kutafuta udongo mwingine.

Wakati huo tajiri mmoja wa Kibirizi, Mzee Gervasi, alikuwa amemwagiza Bariki boti kubwa ya abiria ya kwenda Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka wa Burundi. Boti ilikamilika, nyufa zikazibwa kwa pamba na mawese, ikabaki kuandikwa jina. Aliyekuwa akiandika majina ya boti zote alikuwa Martini, mchora mabango, na Martini alikuwa amepata kazi ya maduka Mwandiga. Gervasi hakutaka kungoja.

"Mke wangu anachora," Bariki akasema.

Wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa wakanyanyua vichwa. Mmoja akasema mwanamke hapandi boti ambayo haijaguswa na maji, ni mkosi. Mwingine akaongeza kwamba tena ni mkimbizi, atachora nini asichokijua.

"Mama yangu alinizalia ndani ya mtumbwi tukitoka Mwamgongo," Gervasi akajibu. "Mtumbwi ule haukuzama, na mimi hapa nimeshiba. Mwite."

Melania hakuwa amewahi kushika rangi ya mafuta. Mara ya kwanza rangi ilimiminika ubavuni mwa boti kama uji, korongo akawa na miguu mpaka mchangani, na Kibirizi nzima ikacheka. Akaifuta yote kwa mafuta ya taa. Akaenda kando, akachukua ubao wa kutupwa, akajaribu hapo mpaka alipojua rangi ichukuliwe kiasi gani na brashi ivutwe vipi. Siku iliyofuata akarudi. Jioni boti ilikuwa na korongo kila upande, kifua cha kijivu, kishungi cha manjano, shingo imegeuka kutazama ilikotoka, na chini yake jina: NEEMA YA ZIWA.

Martini aliporudi kutoka Mwandiga alisikia habari hizo kabla hajafika nyumbani. Akaenda moja kwa moja ufukweni. Watu walimfuata wakitarajia ugomvi, maana Martini alikuwa mtu wa maneno, na kazi ile ilikuwa yake. Alizunguka boti nzima, mikono mgongoni.

"Ndege ni mzuri," akasema. "Herufi ni mbaya. Hiyo Z imelewa."

"Kaka, sijasoma sana," Melania akamwambia. "Nionyeshe."

Martini akavua shati, akachukua brashi, akaziandika herufi upya mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Kuanzia hapo wakawa wanagawana kazi: Melania picha, Martini maandishi. Saluni za Gungu, mashine za kusaga za Mwandiga, duka la dawa, boti za Kibirizi, zote zikapita mikononi mwao. Mwenye boti mwingine alitaka simba, mwingine baiskeli, mmoja alitaka achorwe yeye mwenyewe na kofia yake. Lakini abiria walipofika ufukweni waliuliza kwanza, "Ile ya korongo imeshaondoka?"

Mwaka 2003, Neema ya Ziwa ilikuwa imetia nanga Kagunga siku ya soko. Nahodha wake, Leodgar, ndiye aliyetusimulia. Alikuwa anapakia magunia alipomwona mwanamke mwenye kikapu cha muhogo, mmoja wa wale wanaovuka mpaka kuja kuuza, amesimama ndani ya maji yamemfika magotini na gauni lake. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ubavu wa boti.

"Mama, utalowa," Leodgar akamwambia.

"Nani amechora huyu?"

"Mke wa fundi Bariki, wa Gungu."

"Mke wa fundi anaitwa nani?"

"Melania. Mrundi kama wewe."

Yule mama akapiga ukelele, "Yampaye inka!" kama Warundi wanavyofanya wakishikwa na jambo kubwa, akakikabidhi kikapu chake kwa mtu asiyemjua na kupanda botini alivyo, bila mzigo. Njia nzima, Leodgar alisema, hakuketi.

Mimi nilikuwepo walipokutana. Melania alikuwa kwenye ngazi, anachora korongo kwenye ukuta wa saluni iliyo karibu na kituo, nami nimepeleka chai. Baiskeli ya abiria ikasimama, akashuka mwanamke aliyelowa gauni. Akasimama chini ya ngazi. Hakusema jina wala hakusalimia.

"Mguu umekosea," akasema kwa Kirundi. "Mama anainua wa kushoto. Wewe umeinua wa kulia."

Melania hakugeuka. Niliona mgongo wake umekakamaa, brashi imebaki hewani.

"Ni wa kulia," akajibu, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto. "Wewe ndiye uliyekuwa unakosea kila siku. Kwenye banda la mbuzi ulikosea."

"Ni wa kushoto, Melania."

"Ni wa kulia, Ndayikeza."

Ndipo akageuka. Alishuka kwenye ile ngazi sijui vipi, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi, rangi ya manjano ikamwagika juu yao. Mwenye saluni akatoka mbio kutaka kuuliza nani atalipa, nikamshika mkono, akaona, akarudi ndani kuleta kiti. Hakuna aliyekaa.

Na mama yao alikuwa hai. Ndayikeza alisema walijificha kwa padri, wakaenda kwa ndugu wa mbali, wakarudi kilimani hali ilipotulia. Waliambiwa kwamba kundi la baba yao halikufika popote. Miaka yote hiyo mama alikuwa anaombesha misa ya marehemu wawili, mume wake na Melania.

Inamahoro aliletwa na boti ileile. Alikuwa amezeeka, macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Bi Agnesi alivaa kitenge kipya akaenda kumpokea Kibirizi mwenyewe. Wale wazee wawili walisemezana mmoja kwa Kiha mwingine kwa Kirundi, wakasikilizana vizuri sana kama watu waliozaliwa tumbo moja, maana lugha hizo ni jirani. Nyumbani wakamkalisha mbele ya ukuta ambao Melania alikuwa ameupaka upya kwa rangi ya mafuta, rangi bora kabisa, kwa ajili yake. Mama akanyoosha mkono akaupapasa. Tukangoja asifu.

"Laini," akasema. "Vidole vyako viko wapi?"

Melania akavitazama vidole vyake.

"Nilikuwa nauona ukuta wangu hata gizani, kwa mkono. Huu umeupaka kama sahani."

Kuna watu wangeumia. Melania alitoka, akarudi na sufuria ya udongo laini uliokandwa, akaketi chini karibu na mama yake. Kwa wiki zote alizokaa Inamahoro pale Gungu, ukiingia uani kwao uliwakuta wale wanawake watatu, mama na mabinti zake, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Bi Agnesi alikaa pembeni akitoa maoni. Habari ya mguu iliulizwa siku ya kwanza. Inamahoro akafikiri, akasema yeye aliinua mguu wowote ulioenea kwenye nafasi. Mabinti zake walitazamana, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu hapo kazi ya Melania ilibadilika. Alianza kusiriba kwanza, kwa mchanganyiko wa udongo, mchanga na saruji kidogo ambao yeye na Bariki waliujaribu mara nyingi, ukawa unapasuka, mpaka ukakubali. Picha aliiinua kwa vidole ikiwa mbichi, mabawa, mawimbi, nywele za watu, na ikikauka ndipo aliipaka rangi. Ukipita asubuhi, jua linatia vivuli kwenye alama za vidole vyake. Mtu asiyeona anaweza kuisoma kwa kiganja. Hakuna aliyewahi kuona hivyo hapa kwetu.

Miaka michache baadaye wanawake wanaouza mawese na samaki Ujiji walijenga ukuta mrefu kuzunguka soko lao dogo, kwa michango yao wenyewe. Ulikuwa mkubwa, mweupe, mzuri, na kila mmoja alitaka usibaki hivyo. Mwenyekiti wao, mama wa Kimanyema mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikuwa ameziona boti. Akaitisha kikao, akamtaja Melania.

Bonaventura, mjumbe mmoja aliyekuwa na duka la vifaa, akasimama.

"Ujiji ni mji wa zamani," akasema. "Misafara ilifika hapa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Leo ukuta wetu achore mkimbizi? Kesho akirudishwa kwao tutawaambia nini wajukuu? Kwani hapa hatuna wachoraji? Martini huyu hapa."

Watu wakanong'ona. Wengine waliafiki. Miaka ile maneno kuhusu wakimbizi yalikuwa mengi, wizi ukitokea popote wanatajwa wao kwanza. Martini akainuka.

"Mimi ni mwandishi wa herufi," akasema. "Mkitaka ukuta uandikwe SAMAKI WAPO, nipo. Mkitaka ukuta ambao mtu atatoka Mwanza kuja kuutazama, aliyeketi pale ndiye."

Melania alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Pembeni yake alikuwa Bi Agnesi, ambaye hakuwa mfanyabiashara wa soko lile na hakuwa na haki ya kusema chochote kikaoni. Akasimama.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema. "Wajukuu zangu wamezaliwa Maweni, hospitali yetu hii. Siku aliyokuja nilimtukana mbele ya mtaa mzima, na mashahidi wapo. Nimekaa naye. Anayetaka kumwita mkimbizi aje aniite mimi mama wa mkimbizi, kisha tutazame nani atanunua samaki kwa nani."

Mwenyekiti alicheka kwanza, ukumbi ukafuata. Bonaventura naye, nimpe haki yake, alicheka. Kura ikapigwa, Melania akapita.

Tatizo kubwa lilikuja baada ya hapo, na halikutoka kwa mtu mbaya. Upande mmoja wa ukuta ulitazamana na msikiti. Imamu, mzee mpole, alimjia Melania akiwa anapima ukuta kwa kamba.

"Binti, sikuzuii kazi," akamwambia. "Ila waumini wakitoka kuswali wakute picha za watu na wanyama mbele yao, itawakwaza. Nakuomba tu ulifikirie."

"Nimekuelewa, Shehe," Melania akasema. "Naomba siku chache."

Angeweza kuacha upande ule mweupe, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alianza kuzunguka nyumba za Ujiji, akiwasalimia akina mama na kuomba kuona mikeka yao. Mikeka ya ukili ya Ujiji ina misuko ambayo mama anamfundisha binti, na kila msuko una jina lake. Alikaa na wasukaji, akajifunza kusuka japo vibaya, wakamcheka, wakamsahihisha. Akagundua kwamba msuko mmoja ulikuwa karibu sawa na ule ambao mama yake aliuchora kwenye kuta za kule kilimani. Aliporudi kwenye ukuta alijua la kufanya.

Kazi ilichukua kiangazi chote. Bariki alijenga jukwaa la mbao. Ndayikeza alikuja na boti kusaidia kukanda udongo. Upande wa msikiti akaujaza mikeka, mkeka mmoja unaingia kwenye mwingine, kwa rangi za zambarau, kijani na manjano ya samli, bila kiumbe hata kimoja, na wanawake wa Ujiji walipita wakionyeshana kwa vidole: "Ule ni wa kwetu. Ule ni wa shangazi." Upande wa barabara akaweka ziwa. Ndani yake samaki aina ya migebuka wamejipanga kama askari wa gwaride, wanawake wanakamua mawese, mtu anaendesha boti, na watu wanashuka ufukweni na vitu walivyoweza kubeba: godoro, kuku, mtoto mgongoni. Ufukweni wengine wanawanyooshea mikono. Makorongo walikuwa wengi, wengine mguu wa kulia juu, wengine wa kushoto.

Siku ya kuuzindua ukuta, soko halikuuza kitu. Walikuja watu wa Mwanga, wa Gungu, wa Mwandiga. Walikuja Warundi wenye vibali kutoka kambini, wakasimama muda mrefu mbele ya wale wanaoshuka ufukweni. Imamu alizunguka upande wake, akauweka mkono ukutani, akaupitisha polepole kwenye misuko.

"Bibi yangu alisuka huu," akasema. "Mungu akubariki."

Bonaventura alikuwa amejileta na familia yake yote. Nilimsikia akiwaeleza wageni wake kutoka Tabora kwamba ukuta ule ni wa Ujiji na kwamba yeye ni mjumbe wa kamati. Sikumkatiza. Alikuwa na haki ya kujivuna kama sisi wengine.

Kisha mwenyekiti akasema kwamba kazi lazima iwe na jina la aliyeifanya. Melania hakuwa amewahi kutia jina mahali popote, si kwenye boti wala saluni. Martini akachovya brashi tayari kumwandikia kwa herufi zake nzuri.

"Hapana, kaka," Melania akasema. "Nitaandika mwenyewe."

Akachota udongo mbichi, akaubandika kwenye kona ya chini, akaandika kwa kidole: MELANIA NDAYIKUNDA, GUNGU. Herufi zilipanda na kushuka. Martini alizitazama, nikajua zinamwasha, lakini akaanza yeye kupiga makofi.

Bi Agnesi hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye kiti alichopewa mbele kabisa, mikono mapajani, ametulia kama mtu anayepigwa picha. Nilipomuuliza kwa nini hashangilii, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Mwenye sherehe hajishangilii," akasema.

Inamahoro alifariki kwao baada ya miaka miwili, kwa uzee tu, na Melania alivuka kwenda kumzika. Alirudi Gungu baada ya arobaini. Wengi wa wakimbizi wa miaka ile wamekwisharejea makwao, wengine wakaja wapya, na kila kundi linalofika huwa na mtu wa kumuulizia. Neema ya Ziwa ilichakaa, ikapasuliwa mbao, na Mzee Gervasi aliuondoa ule ubao wa korongo akautundika sebuleni kwake. Sasa Melania ana mvi. Kila mwaka kabla ya mvua yeye na wanafunzi wake, mabinti wa Ujiji na wa Gungu, wa Kiha na wa Kirundi, hukagua ukuta wa soko na kuziba palipopasuka. Wageni wakishuka stesheni wakauliza mahali pa kuona kazi za wasanii wa mji huu, dereva wa bodaboda haombi maelezo. Anawapeleka Kibirizi kwanza, kisha Gungu, kisha Ujiji, na njiani anawaambia yule mama ni jirani yake, hata kama anakaa mtaa mwingine.